Wakala amekutumia karatasi ya kuacha kazi: usiisaini, na omba malipo ya kukosa kazi wiki hii

Swali: "Naishi Houston na watoto wangu watatu. Nilikuwa napakia mizigo kwenye ghala, nilipelekwa pale na wakala wa ajira. Wiki tatu zilizopita tuliambiwa kazi imeisha, tusubiri kuitwa. Juzi wakala amenitumia kwenye simu karatasi ya kusaini kwamba nimeacha kazi kwa hiari yangu, wanasema ni ya kufunga faili tu. Kanisani wananiambia nikiomba hela ya serikali sitapata uraia. Niliingia kama mkimbizi kutoka Kongo, sasa nina grin kadi. Kiingereza changu kidogo. Nianzie wapi?"

Jibu: Dada yangu, pole sana. Kuna mambo mawili ambayo hayawezi kungoja umalize kusoma, kwa hiyo natangulia nayo. La kwanza, hiyo karatasi usiisaini. La pili, omba leo. Kama leo ni Jumamosi, omba kabla hujalala, kwa sababu Texas huhesabu dai lako kuanzia Jumapili ya wiki uliyoomba, wala si siku uliyoachishwa kazi. Wiki tatu zilizopita usitegemee kwamba utarudishiwa. Ukingoja wiki nyingine ili ukusanye karatasi zote, na hiyo nayo imekwenda. Omba na ulicho nacho, upungufu utajazwa baadaye.

Sasa nije kwenye hofu ya uraia, maana ndiyo iliyokuweka nyumbani wiki tatu, na nimeona ikiwanyima haki yao watu wengi wa jamii zetu. Malipo ya kukosa kazi ni bima. Mpango huu uliwekwa na sheria ya Social Security ya mwaka 1935, na unaendeshwa na kila jimbo kwa fedha za kodi wanayolipa waajiri juu ya mishahara ya wafanyakazi wao. Ulipokuwa ukipakia mizigo pale, wakala wako alidaiwa kodi hiyo kwa sababu yako. Kwa hiyo haulizwi mtu ni maskini kiasi gani. Linaloulizwa ni kama alifanya kazi, alilipwa kiasi gani, na kazi iliishaje.

Hilo neno la "kuwa mzigo kwa serikali" linalotembea kanisani lina asili yake. Wapo wahamiaji wanaopimwa hivyo wanapoomba grin kadi. Lakini sheria yenyewe imewatoa wakimbizi kwenye kipimo hicho, na wewe grin kadi umeshapata. Ukifika kwenye ombi la uraia, kipimo hicho hakimo kabisa. Kinachoweza kukuharibia uraia ni kudanganya ili upate malipo, na kodi usiyoitangaza. Hayo mawili nitayarudia huko mbele kwa sababu watu huyaangukia bila kujua.

Mhamiaji anahitaji vibali vya namna mbili tu hapa: awe alikuwa na ruhusa ya kufanya kazi wakati anapata ile mishahara inayohesabiwa, na awe nayo hadi sasa anapodai. Wewe unazo zote. Utaulizwa namba ya uhamiaji iliyo kwenye grin kadi yako, ile inayoanza na herufi A, nao wataihakiki. Usiogope kuitoa.

Turudi kwenye karatasi ya wakala, maana hapo ndipo dai lako litasimama au kuanguka.

Watu wanadhani wakala akisema "ni ya kufunga faili tu" basi ni jambo la ofisi yao. Sivyo. Mfanyakazi akipunguzwa kwa sababu kazi imekwisha, hana kosa lolote na njia ya malipo iko wazi. Akifukuzwa, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba mfanyakazi alitenda kosa la makusudi kazini. Kuwa mzito wa kazi au kushindwa kujifunza mashine peke yake si kosa la namna hiyo. Lakini akiacha mwenyewe, mzigo unahamia kwake: sasa yeye ndiye wa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu nzito, inayohusu kazi, ambayo ingemfanya mtu yeyote mwenye nia ya kubaki kazini aondoke. Saini moja kwenye simu yako inauhamisha mzigo kutoka mgongo wa wakala kuja kwako. Na wakala ana sababu ya kuitaka: kiwango cha kodi anayotozwa mwajiri hupanda kadiri wafanyakazi wake wa zamani wanavyolipwa.

Kwa hiyo mjibu kwa maandishi, kwa upole, na ukweli mtupu: kwamba hukuacha kazi, uliambiwa imeisha, na uko tayari kupangiwa nyingine. Hayo maneno ya mwisho usiyaache, ndiyo yenye kukulinda na mtego ninaouogopa zaidi kwa watu wa wakala.

Sheria ya Texas inasema hivi: mfanyakazi aliyepelekwa mahali na wakala, kazi ile ikimalizika, anatakiwa awasiliane na wakala kuomba kupangiwa nyingine. Asipofanya hivyo anahesabiwa kuwa ameacha kazi mwenyewe, hata kama ghala ndilo lililomrudisha. Masharti ni kwamba awe aliambiwa mapema kuwa ana wajibu huo na kwamba anaweza kunyimwa malipo asipoutimiza. Mara nyingi taarifa hiyo imo kwenye rundo la karatasi tunazosaini siku ya kwanza bila kuelezwa. Itafute. Kama ulituma meseji, ulipiga simu, au ulipita ofisini kwao baada ya kazi kuisha, andika tarehe na jina la uliyezungumza naye, na picha za meseji zihifadhi nje ya simu hiyo, maana simu huharibika na kupotea. Ile kauli yao ya "subirini kuitwa" nayo ni ushahidi wako: inaonyesha walijua hukuondoka. Na leo hii watumie meseji nyingine ya kuomba kazi. Imechelewa, lakini ni bora kuliko kimya.

Wakikuita kweli na kazi inayokufaa, ukaikataa bila sababu, unaweza kupoteza malipo. Kazi inayofaa hupimwa kwa mshahara, umbali, usalama na uzoefu wako. Ukiona haikufai, usinyamaze tu, waandikie sababu.

Kama ungekuwa umeshasaini, bado ningekuambia uombe, na ueleze jinsi karatasi ilivyokufikia na nani alikuambia nini. Wanaoamua hawaishii kwenye kichwa cha karatasi, hutazama nani kwa kweli aliyekatisha kazi. Ila ni njia ndefu zaidi.

Ofisi ya kuomba inaitwa Texas Workforce Commission. Unaweza kuomba kwenye tovuti yao au kwa simu 800-939-6631, na kuomba ni bure kabisa. Anayekutoza hela "akujazie anemploimenti" usimpe hata senti. Na ndugu wa kweli anayekusaidia, mshukuru, lakini akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako, namba yako ya simu na benki yako. Nimeshuhudia familia zikikosana kwa sababu malipo yaliingia kwenye akaunti ya msaidizi, na barua za muhimu zikaenda kwenye simu ambayo mwenye dai haishiki. Zaidi ya ugomvi, siku ukiulizwa "hili jibu ulilijaza wewe?" utawajibika nalo hata kama liliandikwa na mwingine.

Ukipiga simu, sema jina la lugha yako mara tu mtu anapopokea: Swahili. Wataunganisha mkalimani kwa simu na hulipii. Ofisi inayopokea fedha za serikali kuu imefungwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 isimbague mtu kwa asili ya taifa lake, na msaada wa lugha umo humo. Mkalimani akiongea Kiswahili usichokielewa vizuri, sema. Ni haki yako kuomba mwingine, wala si utovu wa adabu. Na mwanao usimfanye mkalimani. Mtoto hukosea maneno ya sheria, na hukumbuka hofu ya mama yake muda mrefu.

Kabla hujapiga, weka mezani kadi ya Social Security, grin kadi, kitambulisho cha jimbo, namba za benki, na vipande vya malipo au W-2, ile karatasi ya mwaka ya mishahara anayokupa mwajiri. Andika majina yako kwa mpangilio uleule ulio kwenye kadi ya Social Security. Sisi tuliopita kambini tunajua jinsi jina la baba linavyogeuka la kwanza kwenye karatasi moja na la mwisho kwenye nyingine. Kompyuta ikiona hivyo husimamisha dai ili kuhakiki wewe ni nani. Kama malipo ya wakala yalitoka kwa jina lililopinduliwa, waeleze mapema.

Kwenye nafasi ya mwajiri wa mwisho, andika wakala, si ghala. Jina la ghala ndilo tunalolitaja tukiulizwa unafanya kazi wapi, lakini aliyekulipa ni wakala, na anwani yake ipo kwenye kipande cha malipo. Ukiandika ghala, watalitumia taarifa, nalo litajibu kwamba halikufahamu. Na kwenye sababu ya kuondoka, jaza kwamba ulipunguzwa kwa kukosekana kazi. Penye nafasi ya maelezo, sentensi mbili zinatosha: tarehe ya mwisho ya kazi, nani aliyekuambia imeisha, na maneno aliyotumia. Usiongeze malalamiko ya msimamizi mkali au joto la ghala. Ni ya kweli, najua, lakini humfanya msomaji afikiri uliondoka kwa kuchoka.

Utalipwa kiasi gani? Wanatazama robo nne za mwaka, yaani vipindi vya miezi mitatu mitatu, katika robo tano za mwisho zilizokamilika, wakiiacha ile ya karibuni zaidi. Anayeomba kati ya Aprili na Juni, kwa mfano, atahesabiwa mishahara ya Januari hadi Desemba ya mwaka uliotangulia. Wanachukua robo uliyopata zaidi na kuigawa kwa 25. Tuseme robo yako nzuri ilikuwa dola 9,600: malipo ya wiki ni dola 384. Ili ukubaliwe, mishahara ya robo zote nne ifike angalau mara 37 ya malipo ya wiki, hapa dola 14,208, na uwe ulilipwa katika zaidi ya robo moja. Jumla utakayoweza kupokea ni ndogo kati ya mbili: mara 26 ya malipo ya wiki, au asilimia 27 ya mishahara yote ya robo hizo nne. Kama mwaka ule ulipata dola 36,400, asilimia 27 ni dola 9,828, karibu wiki 26 kamili. Kipo pia kiwango cha juu cha wiki ambacho jimbo hukipanga upya kila mwaka.

Ndugu zako wa majimbo mengine wasikuchanganye. Florida inalipa wiki 12 ukosefu wa kazi unapokuwa mdogo na haivuki dola 275 kwa wiki. California inafika dola 450. Unaomba katika jimbo ulikofanyia kazi. Kama miezi fulani ya mwaka ule ulifanya kazi jimbo jingine, litaje, mishahara inaweza kuunganishwa.

Barua ya kwanza utakayopokea itaonyesha mishahara hiyo na kiasi cha wiki. Wengi huiona wakashangilia, kumbe bado hawajakubaliwa. Inasema tu kwamba mishahara inatosha. Suala la jinsi kazi ilivyoisha linaamuliwa baada ya wakala kujibu, na wakala ana siku 14. Barua hiyo ikague: kama robo fulani inaonyesha sifuri na ulifanya kazi, peleka vipande vya malipo.

Kisha kuna kazi ya kila wiki mbili, na hapa ndipo dai zuri hufia. Lazima uombe malipo kwa kila kipindi, kwenye tovuti au kwa simu, siku uliyopangiwa. Hayaji yenyewe. Endelea kuomba hata kama uamuzi haujatoka, hata kama umekataliwa na umekata rufaa, kwa sababu ukishinda watakulipa zile wiki ulizoziomba tu. Wiki ya kwanza halali ni ya kusubiri na haitalipwa mara moja, usidhani umesahauliwa.

Kila unapoomba, utaulizwa kama ulikuwa na uwezo wa kufanya kazi, kama ulikuwa tayari kuianza, na kama uliitafuta. Una watoto watatu, kwa hiyo lifikirie sasa swali la nani atakaa nao. Ukijibu kwamba huwezi kwenda kazini kwa sababu hakuna wa kuwaangalia, wiki hiyo hailipwi. Panga na dada au jirani kabla hujaulizwa, ili jibu lako la "niko tayari" liwe kweli. Idadi ya kazi za kutafuta kila wiki utaandikiwa. Weka daftari: tarehe, jina la kampuni, kazi gani, uliombaje, walijibuje. Ndani ya siku tatu za kazi baada ya kuomba malipo, jiandikishe pia kwenye WorkInTexas.com, tovuti ya jimbo ya kutafuta kazi; ukishindwa, nenda ofisi ya Workforce Solutions iliyo karibu wakusaidie.

Ukipata kibarua cha siku mbili, kifanye na ukitangaze. Andika ulichopata kabla ya makato, katika wiki uliyofanya kazi, siyo wiki uliyolipwa. Wiki zao ni Jumapili hadi Jumamosi. Texas inakuachia robo ya malipo yako bila kupunguza: kwa dola 384 ni dola 96. Ukipata dola 150, watapunguza 54 tu na utalipwa 330. Yaani kutangaza hakukuumizi kama watu wanavyodhani. Kuficha kunaumiza: waajiri huripoti mishahara, kompyuta zinalinganisha, na ukipatikana na udanganyifu unarudisha zote pamoja na faini ya asilimia 15. Hili ndilo la kwanza kati ya yale mawili yanayogusa uraia. Kusuka nywele nyumbani kwa malipo, kupeleka chakula kwa gari, yote ni kazi, yatangaze.

Na ukipata msiba nyumbani ukalazimika kusafiri nje ya Marekani, nakuomba usimwachie mtu simu akuombee malipo. Aliye nje ya nchi hahesabiwi kuwa tayari kwa kazi, na mtandao unaonyesha ombi limetoka wapi. Ziache hizo wiki, ukirudi fungua tena dai lako.

Wakikukataa, usilie na kuiweka barua kabatini. Kukataliwa mara ya kwanza ni jambo la kawaida, hasa wakala akiandika kwamba uliacha kazi. Soma tarehe barua ilipotumwa: una siku 14 kuanzia tarehe hiyo, si kuanzia siku ulipofungua bahasha. Rufaa haipokelewi kwa simu. Iandike kwenye tovuti, kwa posta, kwa faksi, au uipeleke mkononi Workforce Solutions. Haihitaji maneno ya mwanasheria. Sema hukubaliani na uamuzi wa tarehe fulani, kwamba hukuacha kazi, na kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili.

Utapangiwa kusikilizwa kwa simu. Barua itaeleza namna ya kuingia na namna ya kutuma ushahidi. Picha za meseji zitume mapema, kwa afisa anayesikiliza rufaa na kwa wakala pia, la sivyo zinaweza zisitazamwe. Kaa mahali pa kimya, simu iwe na chaji. Kila kitu kinarekodiwa, na ukikata rufaa ya pili mbele ya makamishna wa Texas Workforce Commission wataisikiliza rekodi hiyohiyo, kwa hiyo usiache neno la maana kwa ajili ya baadaye. Jibu ulichoulizwa, kwa tarehe na majina. Wakala akisema uongo, usimkatize; andika, nawe utapewa nafasi ya kumuuliza. Lone Star Legal Aid inawasaidia watu wa kipato kidogo eneo la Houston bila malipo, na barua ya kukataliwa ni sababu nzuri ya kuwapigia siku hiyohiyo.

Lililobaki ni kodi, la pili kati ya yale mawili. Malipo haya hutozwa kodi ya serikali kuu, ingawa Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Unapoomba utaulizwa kama wakate asilimia 10 moja kwa moja. Kwa mtu asiye na akiba mimi hushauri wakate, kidogo kidogo kuliko deni la mara moja. Januari watakutolea fomu ya 1099-G, inayoonyesha malipo uliyopokea mwaka uliopita. Ipeleke pamoja na W-2 kwa anayekujazia kodi, na kama umehama, badilisha anwani yako kwao kabla ya mwezi huo.